Njia ya Mwongo ni Fupi: Kadi ya Kumbukumbu katika Kifaa cha Kuongoza Gari

Maelezo yaliyotolewa na maofisa wetu katika mkutano wa elimu kwa walaji, Usinge, Wilaya ya Kaliua, Mkoa wa Tabora



Leo tumekuja kuzungumza juu ya kitu kidogo sana, na tunacho hapa mkononi. Hakizidi ukucha wa dole gumba, na nyinyi mlioketi nyuma bila shaka hamkioni. Ni kadi ya kumbukumbu, ambayo wengi wetu huiita memori kadi. Juu yake pameandikwa kuwa ina ujazo wa GB 128. Ujazo wake wa kweli ni GB 8. Kwa sababu ya tofauti hiyo, sisi tunaosimama mbele yenu tulilala usiku mzima ndani ya gari lililokwama topeni, upande wa mabonde ya Malagarasi.

Si desturi ya mamlaka ya udhibiti kuanza mafunzo kwa kusimulia makosa yake. Hata hivyo, tumeona kwamba mlaji hujifunza zaidi kwa jambo lililotokea kuliko kwa onyo tupu. Kwa hiyo tutaanza na kosa letu, kisha tutaeleza namna ya kuliepuka.

Yaliyotupata

Ilikuwa mwezi Machi, katikati ya mvua. Tulitoka Tabora asubuhi kwa ziara ya kikazi katika vijiji vya wilaya hii. Gari letu lilikuwa na kifaa cha kuongoza njia kilichofungwa juu ya dashibodi. Kumbukumbu ya ndani ya kifaa hicho ilikuwa ndogo, nayo ilitosha ramani ya barabara kuu tu. Siku mbili kabla ya safari tulinunua kadi hii katika duka moja la mjini ili tukiongezee kifaa nafasi. Bei ilikuwa ndogo kuliko bei ya kadi ya GB 32 katika duka la jirani. Badala ya kujiuliza kwa nini, tulifurahi.

Tulipakia ndani yake video za mafunzo tulizokusudia kuwaonyesha wananchi, kisha picha za angani, kisha vipande vya ramani ya kina ya magharibi mwa nchi: kwanza Tabora mjini na Urambo, na mwisho Kaliua hadi Malagarasi. Kompyuta haikulalamika. Ilitangaza kwamba kazi imekamilika. Tukaondoa kadi, tukaiweka katika kifaa, tukaona mitaa ya Tabora imetokea vizuri, tukaridhika.

Hadi Urambo mambo yalikuwa sawa. Tulipoipita Kaliua na kuiacha barabara kuu, saa kumi na mbili jioni, mvua ikinyesha, kioo cha kifaa kikageuka cheupe. Alama ya gari letu ilikuwa ingali pale katikati, ikisogea kila tuliposogea. Lakini chini yake hapakuwa na barabara, wala mto, wala jina la kijiji. Tulifika njia panda. Simu hazikuwa na mtandao. Tukachagua njia iliyoonekana pana zaidi, na njia ile ikatupeleka bondeni.

Asubuhi alikuja mzee mmoja mfugaji, akafunga maksai wake kwenye gari na kulivuta hadi palipo pakavu. Hakutaka malipo. Alituuliza swali moja tu: “Wanangu, pale njia panda pana nyumba tatu. Mbona hamkubisha hodi?” Hatukuwa na jibu.

Sisi tulipoteza usiku mmoja na viatu vyetu. Lakini tulipokuwa tukisubiri mapambazuko tulijiuliza: je, kama kiti cha nyuma kingekuwa na mama anayetaka kujifungua, akikimbizwa hospitali? Je, kama kungekuwa na mtoto mwenye degedege? Kadi ya bei rahisi ingetugharimu nini usiku ule? Ndiyo sababu tumekuja.

Vitu vitatu vinavyochanganywa

Wateja wengi wanaotuuliza maswali huchanganya vitu vitatu: satelaiti, ramani na kadi. Tuvitenganishe.

Satelaiti za GPS huzunguka dunia zikiwa juu yapata kilomita 20,200. Ni mfumo wa Marekani ulioanza kufanya kazi kikamilifu mwaka 1995. Urusi, Ulaya na China nazo zina mifumo yao ya namna hiyo, na vifaa vingi vya sasa hupokea zaidi ya mmoja. Kazi ya satelaiti ni kutuma ishara. Kifaa chako kikipokea ishara za satelaiti nne au zaidi, hupiga hesabu na kujua mahali kilipo. Kifaa hupokea tu, hakitumi kitu angani. Kwa hiyo satelaiti haikudai bando wala vocha, na inafanya kazi porini ambako hakuna mnara wa simu. Mtu akikuuzia “bando la GPS” kwa ajili ya kifaa cha kawaida cha gari, mwulize vizuri anauza nini hasa.

Ramani ni kitu kingine. Satelaiti hukwambia kwamba upo hapa. Haikwambii kwamba mbele yako kuna mto. Hilo huelezwa na ramani, ambayo ni faili iliyoandaliwa na watu na kuhifadhiwa ndani ya kifaa. Simu yenye bando huweza kuivuta ramani hiyo kutoka kwenye mtandao kadiri unavyosafiri. Pasipo mtandao, kama ilivyo katika sehemu nyingi kati ya hapa na Malagarasi, ramani isiyokuwamo ndani ya kifaa haipo.

Kadi ya kumbukumbu ni ghala tu la kuhifadhia ramani hiyo. Haiongezi nguvu ya kupokea ishara, haiharakishi gari kujua lilipo, wala haileti ramani yenyewe. Muuzaji anayesema kwamba kadi yake “inaongeza GPS” anasema jambo lisilo kweli. Usiku ule wa Machi satelaiti zilifanya kazi yake barabara, na ndiyo maana alama ya gari iliendelea kusogea. Ghala ndilo lililokuwa tupu.

Kumbukumbu ya njia hii

Jambo hili si geni katika nchi hii. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilipita katika nchi hii ya Unyamwezi na kuuvuka Mto Malagarasi kwa mitumbwi. Burton na Speke, waliofika Tabora Novemba 1857 na Ujiji Februari 1858, hawakuwa na ramani ya njia hiyo. Walimfuata kirangozi, yule aliyetembea mbele ya msafara. Ramani ya kirangozi ilikuwa kichwani mwake: maji yako wapi, kivuko kipi kinapitika mwezi gani, ni mtawala yupi anayedai hongo ya kupita. Palipokuwa na njia panda, matawi yaliwekwa kuiziba njia isiyofaa ili walio nyuma wasipotee.

Waliomfuata kirangozi walimwamini kwa sababu alikuwa amekwisha kuipita njia ile. Kama angedai kuwa anaijua njia ya siku hamsini ilhali anaijua ya siku tatu, msafara mzima ungepata madhara siku ya nne, si siku ya kwanza. Kadi ya uongo ina tabia hiyo hiyo. Mwanzoni hufanya kazi vizuri. Hukuacha mbali na nyumbani. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na kwa kadi yetu urefu wake ulikuwa GB 8.

Namna kadi inavyodanganya

Ndani ya kila kadi mna sehemu mbili: sehemu inayohifadhi taarifa, na kidhibiti kidogo kinachoiambia kompyuta, simu au kifaa cha gari ujazo wa kadi. Mghushi huchukua kadi yenye ujazo mdogo na kukibadilisha kidhibiti ili kitangaze ujazo mkubwa, kisha hubandika maandishi mapya juu yake. Kwa hiyo ukiitia katika simu na kutazama ujazo, simu nayo itasema GB 128, kwa kuwa simu hurudia tu ilichoambiwa.

Tatizo huanza ujazo wa kweli unapojaa. Kadi nyingine hupokea faili zinazofuata na kuzitupa kimyakimya. Nyingine hurudi mwanzo na kuandika juu ya faili za awali, hata zile zilizokuwa nzima zikaharibika. Katika hali zote mbili majina ya faili huonekana yamekamilika. Utakapojaribu kuzifungua ndipo utakapogundua kwamba hazimo.

Hapa tutoe angalizo ili tusiwaonee wafanyabiashara waaminifu. Kadi halisi ya GB 32 mara nyingi huonekana kwenye kompyuta kuwa na GB 29 au 30 hivi. Huo si udanganyifu. Mtengenezaji huhesabu kwa maelfu, na kompyuta nyingi huhesabu kwa 1,024, hivyo namba hutofautiana kidogo. Tofauti ya namna hiyo ni ya kawaida. Inayopaswa kukutia shaka ni kadi ya GB 128 inayoshindwa baada ya GB 8.

Kabla ya kununua

Kwanza, soma kitabu cha maelekezo cha kifaa chako, au muulize fundi anayekifahamu, ujue kinapokea kadi ya aina gani na ujazo gani. Juu ya kadi huandikwa herufi zinazoonyesha kundi lake. Zenye maandishi SD peke yake hufikia GB 2. Zenye SDHC huzidi GB 2 na kufikia GB 32. Zenye SDXC huzidi GB 32. Kifaa cha zamani kilichotengenezwa kwa ajili ya SDHC kinaweza kuikataa kabisa kadi ya GB 64 hata kama ni halisi na ni ya bei kubwa. Hapo si kadi iliyo mbovu wala si kifaa. Ni ununuzi usiolingana.

Pili, nunua ujazo unaouhitaji. Ramani ya Tanzania nzima, bila picha za angani, huingia ndani ya GB chache tu. Kwa dereva wa kawaida kadi halisi ya GB 16 au 32 inatosha na kubaki. Tamaa ya namba kubwa ndiyo mlango anaouingilia mghushi.

Tatu, angalia umbo. Vifaa vingine hutumia kadi kubwa, na vingine ile ndogo kama hii yetu. Kadi ndogo huweza kuingia katika nafasi kubwa kwa kutumia adapta. Ubavuni mwa adapta mna kitufe kidogo cha kufungia. Kikiwa kimesukumwa upande wa kufunga, kadi haitapokea faili mpya, na wengi wameitupa kadi nzima kwa sababu ya kitufe hicho.

Nne, dai risiti ya EFD inayotaja bidhaa na ujazo wake. Sisi hatukudai, na tuliporudi dukani hatukuwa na ushahidi wa neno letu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kabla ya kusafiri

Ijaribu kadi ikiwa ingali tupu, siku kadhaa kabla ya safari. Kama huna kompyuta, nenda kwa mtu mwenye huduma ya kompyuta. Zipo programu za bure za kazi hiyo: H2testw kwa kompyuta za Windows, na F3 kwa Linux na Mac. Programu hizo huijaza kadi yote, kisha huisoma tena na kusema kama kilichoandikwa ndicho kilichosomwa. Kazi hii inaweza kuchukua saa moja au zaidi. Muda huo ni mdogo kuliko usiku wa topeni.

Kama programu hazipatikani, fanya hivi. Ijaze kadi kwa video na picha hadi ikatae. Iondoe, irudishe, kisha ufungue faili za mwanzo, za katikati na za mwisho. Video zichezwe, zisitazamwe majina tu. Faili zikigoma kufunguka, kadi ni ya uongo au ni mbovu. Kwa safari, hakuna tofauti kati ya hayo mawili.

Kadi ikifaulu, ifute kwa kuifomati ndani ya kifaa chenyewe cha gari iwapo kifaa kina nafasi hiyo, ndipo upakie ramani. Kisha, hili ni la lazima, fungua ramani na uisogeze kwa kidole kutoka unapoanzia hadi unapokwenda, hata kama gari limesimama uani. Tungalifanya hivyo Tabora, tungaliuona weupe wa Kaliua kabla ya kuwasha gari. Weka nakala ya ramani mahali pengine, na katika simu yako pia pakia ramani inayofanya kazi bila mtandao.

Umri wa ramani

Kadi nzima inaweza kubeba ramani iliyokufa. Wapo wanaouza kadi zilizokwisha kupakiwa ramani. Nyingine ni za halali. Nyingine zimenakiliwa kutoka katika kifaa cha mtu mwingine, na ramani za namna hiyo mara nyingi hukataa kufunguka katika kifaa kingine, au haziwezi kusasishwa.

Ninyi wenyewe mnaweza kuipima ramani kwa mambo ya hapa nyumbani. Wilaya ya Kaliua ilimegwa kutoka Urambo, na Mkoa wa Katavi ulizaliwa kutoka Rukwa, yote mwaka 2012. Ramani inayoiweka Mpanda katika Rukwa imepitwa na wakati. Vilevile litafute Daraja la Kikwete katika Mto Malagarasi. Ramani isiyolijua daraja hilo itaipangia safari yako ya Kigoma njia ambayo madereva wa leo hawaifuati.

Ipo pia ramani huria iitwayo OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo huchorwa na watu wa kujitolea duniani kote na hupakuliwa bure. Jijini Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria uliitumia kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko. Ubora wake hutegemea waliochora. Palipochorwa vizuri ni ya kuaminika sana. Pasipochorwa, kijiji kizima huweza kukosekana. Vijana wa Usinge wanaozifahamu njia za hapa wanaweza kujifunza kuziweka humo, na wageni wajao wakanufaika.

Magari yaliyotumika kutoka Japani

Suala hili limeulizwa mara nyingi, nasi tutalijibu waziwazi. Magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani huja na redio kubwa yenye ramani. Ramani hiyo ni ya Japani, na sauti yake ni ya Kijapani. Katika baadhi yake mna kadi ya kumbukumbu iliyochomekwa kiwandani.

Usiitoe kadi hiyo ili kuweka muziki, na usiifomati. Katika redio za namna hiyo, kadi hubeba pia taarifa ambazo redio huzihitaji ili iwake. Ikifutwa, au ikipotezwa wakati wa kubadilisha betri, redio inaweza kujifunga, na kuifungua ni gharama. Kama unalazimika kuiondoa, itunze, na uiandike jina la gari lake.

Aidha, jihadhari na anayedai kwamba ataiweka ramani ya Tanzania katika redio hiyo kwa kubadilisha kadi tu. Kwa kawaida mfumo wa kiwandani haukubali. Kabla ya kulipa, mwambie akuonyeshe ramani ikifanya kazi ndani ya gari lako, si katika video ya simu yake. Wengi hupata nafuu zaidi kwa kutumia simu yenye ramani iliyopakuliwa, au kifaa cha pembeni.

Ukiwa njiani

Weka mwisho wa safari yako kabla ya kuondoka. Usibonyezebonyeze kifaa gari likiwa kwenye mwendo. Kifunge mahali pasipoziba macho yako. Usikiache katika jua kali ndani ya gari lililofungwa, wala usiichomoe kadi kifaa kikiwa kinafanya kazi, kwa sababu faili huweza kuharibika. Na utakapokiuza kifaa au kadi, futa kwanza safari zako na mahali ulipoweka alama ya nyumbani kwako. Anayenunua kadi yako hapaswi kununua pia njia ya kufika mlangoni pako.

Haki zako zikivunjwa

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara. Kuandika GB 128 juu ya kadi ya GB 8 ni kumpotosha mlaji. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inashughulikia bidhaa zenye alama za uongo, na Sheria ya Viwango ya mwaka 2009 inahusu ubora wake.

Ukiuziwa kadi ya uongo, usiitupe. Ihifadhi pamoja na kasha na risiti. Rudi kwanza kwa aliyekuuzia, umweleze kwa staha, umwonyeshe matokeo ya jaribio. Mara nyingine naye amedanganywa na aliyemuuzia jumla, na mfanyabiashara mwema atakurudishia fedha au kukupa nyingine. Akikataa, mwone afisa biashara wa halmashauri, au peleka malalamiko Tume ya Ushindani kwa bidhaa bandia na Shirika la Viwango Tanzania kwa suala la ubora. Andika tarehe, jina la duka, bei, na kile ulichoahidiwa. Malalamiko yaliyoandikwa vizuri hushughulikiwa kwa urahisi kuliko hasira isiyo na karatasi.

Wengine husema, “Ni kadi tu, niache.” Tunawasihi msiache. Kadi unayoiacha leo bila kuitolea taarifa kesho itauzwa kwa dereva wa gari la wagonjwa.

Neno la mwisho

Ndugu wananchi, hatukuja kuwakataza teknolojia. Kifaa cha kuongoza njia kimewasaidia wengi, na kadi halisi yenye ramani sahihi ni rafiki mwema wa msafiri. Tunachosema ni kwamba kadi ni kumbukumbu, na kumbukumbu hupimwa kabla haijaaminiwa. Ipime nyumbani, mahali ambapo kosa lake halimuumizi mtu.

Na hata baada ya kuipima, kumbukeni swali la yule mzee wa maksai. Ramani haijui kwamba mvua ya juzi imelibeba kalvati, wala kwamba kivuko kimefungwa tangu Jumatatu. Mwenye kujua hayo yumo ndani ya nyumba iliyo njia panda. Tangu siku ile, gari letu likifika njia panda tusiyoifahamu, mmoja wetu hushuka na kubisha hodi, kifaa kikiwa kinawaka. Kuuliza si ujinga, nasi tulijifunza hivyo hapa kwenu.

Kadi yetu tutaipitisha sasa mkononi mwa kila mmoja, muitazame vizuri maandishi yake. Walio na kadi zao waje mbele na tutazijaribu kwenye kompyuta yetu, moja baada ya nyingine, bila malipo.